Bomu la Makaburu na mikono iliyojificha nyuma yake

Machi 24, 1993, Rais F.W. de Klerk alisimama bungeni Cape Town akakiri jambo ambalo serikali ya Makaburu ilikuwa imelikana kwa miaka mingi. Afrika Kusini ilikuwa imetengeneza mabomu ya nyuklia. Yalikuwa sita, la saba halijakamilika, na yote yalikuwa yameshavunjwa. Dunia ilimpigia makofi, na alistahili. Lakini katika hotuba hiyohiyo alipenyeza dai la pili, kwamba nchi yake haikuwahi kupata kutoka nchi nyingine teknolojia wala malighafi ya silaha hizo.

Dai hilo lilikuwa na matundu tangu lilipotamkwa.

Simulizi yenyewe inaanzia kwenye dhahabu. Mwamba wa Witwatersrand, unaozunguka Johannesburg, una dhahabu na urani pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani na Uingereza zilikuwa zikitafuta urani kwa ajili ya mabomu yao, na mwaka 1952 kiwanda cha kwanza cha kuchuja madini hayo kutoka mabaki ya dhahabu kikafunguliwa karibu na Krugersdorp. Wanunuzi walikuwa haohao wawili. Makaburu wakapata fedha, wataalamu na marafiki wenye sababu ya kunyamaza.

Hapo ndipo msomaji wa Lufingo au Tukuyu, wilayani Rungwe, anapohusika kuliko anavyodhani. Vijana wa Rungwe walikuwa na desturi ya kwenda mbali kutafuta kazi migodini: Lupa kule Chunya, Kopabeti ya Rhodesia Kaskazini, na wengine kwa mkataba wa Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji, hadi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Walilipwa kuchimba dhahabu. Mawe yaliyosagwa, dhahabu ikishatolewa, yaliendelea na safari nyingine ambayo mchimbaji hakuwa na sababu ya kuijua. Tanganyika ilipopata uhuru ikaizuia Wenela kuchukua watu wake, kwa kuwa serikali haikutaka jasho la Mtanganyika liuneemeshe ubaguzi wa rangi.

Msaada wa kwanza mkubwa wala haukufichwa. Marekani, chini ya mpango wake wa atomu kwa ajili ya amani, iliipa Afrika Kusini kinu cha utafiti cha SAFARI-1 kilichoanza kazi Pelindaba mwaka 1965, pamoja na fueli yake. Uingereza nayo, katika miaka hiyohiyo, ilikabidhi ndege za kivita aina ya Buccaneer, ambazo baadaye ndizo zilizotegemewa kubeba bomu. Mwalimu Nyerere alipombana Waziri Mkuu Edward Heath kuhusu kuwauzia Makaburu silaha, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Singapore Januari 1971, wapo waliomwona kama mtu anayekuza mambo. Leo ni vigumu kusema alikuza.

Penye giza ni kwenye urutubishaji. Urani inapotoka ardhini, sehemu yake inayofaa kwa bomu haifiki hata asilimia moja, na kuipandisha hadi karibu asilimia 90 ndiyo kazi iliyozishinda nchi nyingi. Julai 1970 Waziri Mkuu John Vorster alitangaza kwamba wanasayansi wake wamegundua njia yao wenyewe, na kiwanda kikajengwa Valindaba, jirani na Pelindaba. Waliojua mambo walishuku, kwa sababu njia hiyo ilifanana mno na iliyokuwa ikiendelezwa Karlsruhe, Ujerumani Magharibi.

Mwaka 1975 ANC, chama ambacho Tanzania ilikuwa imekipa makazi Morogoro, kilichapisha nyaraka zilizochukuliwa kutoka ubalozi wa Afrika Kusini mjini Bonn, zikieleza ushirikiano wa nyuklia kati ya nchi hiyo na Ujerumani Magharibi. Serikali ya Bonn ilikana. Lakini nyaraka hizo zilimtaja Jenerali Günther Rall, mwakilishi wa kijeshi wa Ujerumani Magharibi katika NATO, kwamba mwaka 1974 alitembelea Afrika Kusini kwa jina la bandia. Rall akapoteza wadhifa wake. Jenerali mzima habadilishi jina ili akaangalie wanyama mbugani.

Kijana mmoja wa Afrika Kusini, Renfrew Christie, alipita njia nyingine. Kurutubisha urani kunakula umeme mwingi ajabu, na yeye akiwa mwanafunzi Oxford alichagua kuandika tasnifu kuhusu historia ya umeme nchini kwake. Kutoka kwenye takwimu za umeme aliweza kukisia kinachofanyika Valindaba, na taarifa zake zikafika ANC. Alikamatwa mwaka 1979 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Lililofichwa zaidi ya yote lilihusu Israel. Habari zake zilitoka mahali pasipotarajiwa: kesi ya mwaka 1988 iliyosikilizwa kwa siri, ambapo Brigedia Johann Blaauw alishtakiwa kwa kumtisha Fanie Botha, aliyewahi kuwa Waziri wa Madini, ili apate maslahi ya migodi. Aliachiwa. Ushahidi ulipojulikana miaka ya 1990, ilionekana kwamba Blaauw alikuwa mjumbe wa mabadilishano: Afrika Kusini ilitoa tani 50 za unga wa urani, na Israel ikatoa gramu 30 za tritiamu, gesi inayoongeza nguvu ya mlipuko wa nyuklia. Gramu hizo zilisafirishwa kidogokidogo, kwa jina la siri la Kiafrikana, Teeblare, yaani majani ya chai. Sisi wa Rungwe tunaoishi katikati ya mashamba ya chai tungeshangaa kuambiwa nini kilikuwa kikipita kwa jina la zao letu.

Biashara hiyo ilianza mwaka 1977. Agosti mwaka huohuo Wasovieti waliitonya Marekani kwamba Makaburu wamechimba mashimo ya majaribio katika jangwa la Kalahari, na Novemba 4 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 418, lililoweka vikwazo vya silaha na kukataza ushirikiano wowote wa kutengeneza silaha za nyuklia. Kwa hiyo dunia ilifunga mlango wa mbele huku ule wa nyuma ukiendelea kutumika. Kichekesho ni kwamba mabomu sita yaliyotengenezwa hayakuitumia tritiamu hiyo, na gesi yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi.

Mwaka 2010 zikachapishwa nyaraka za mazungumzo ya 1975 kati ya Shimon Peres na P.W. Botha, waliokuwa mawaziri wa ulinzi wa Israel na Afrika Kusini. Peres alikanusha kwamba aliwahi kutoa ahadi ya silaha za nyuklia. Kuhusu mmweko ulionaswa na setilaiti ya Marekani, Vela, katika bahari za kusini Septemba 22, 1979, wataalamu wanabishana mpaka leo kama lilikuwa jaribio la bomu, na la nani.

Kwa maoni yangu, de Klerk anastahili sifa kwa kuvunja mabomu, lakini si kwa maelezo yake ya jinsi yalivyopatikana. Aliwalinda waliowasaidia watangulizi wake, na hao wasaidizi hawajaona sababu ya kufungua makabati yao. Urani iliyotolewa ndani ya mabomu hayo haikuondoka nchini: Marekani chini ya Barack Obama iliiomba Afrika Kusini iiachie, serikali ya Jacob Zuma ikakataa, na shehena kubwa ya urani hiyo ikabaki Pelindaba chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.