Nguo Iliyoitwa Merikani

Nguo huchakaa, msomaji, lakini jina lake huweza kudumu. Huko Japani, vipande vya hariri yenye nakshi vilivyoletwa zamani kutoka Uchina vilishonwa mifuko ya kutunzia vyombo vya chai. Vipande hivyo vilipewa majina ya mahekalu na ya mabwana waliovimiliki, na mpaka leo vyajulikana kwa majina hayo. Sisi nasi tulikuwa na nguo ya mbali yenye jina lake, ingawa haikuwa hariri. Iliitwa merikani.

Merikani ilikuwa nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, merikebu za mji wa Salem ziliileta Unguja kwa wingi. Ilipofika pwani, Wakamba walikuwa miongoni mwa walioipeleka bara. Walishuka Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, wakivuka nyika kavu ya Kikumbulyu, ambayo sasa imo Makueni, kisha wakarudi Kitui na nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, na shuka 2 ni doti. Mashuhuri miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na aliyeuawa karibu na mto Tana mwaka 1851.

Pamba ya merikani ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa wenye asili ya Afrika, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini. Hivyo Mkamba huru aliyejifunga shuka yake alivaa, pasipo kujua, jasho la Waafrika wenziwe waliofungwa. Vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikazuiliwa, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi sokoni.

Fikiri basi, msomaji. Jina la merikani lilihifadhi nchi moja tu. Halikumtaja aliyelima pamba, wala aliyefuma, wala mpagazi aliyeubeba mzigo nyikani. Kivoi twamjua, waliofuatana naye wengi hatuwajui. Usomapo historia, watafute hao pia, kwa maana nguo ile ilifika Kitui kwa mikono yao.