Kutoka Kibali hadi Kodi: Gari la Kigeni na Mwananchi wa Katavi

Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: kwa nini gari lililonunuliwa Japan kwa fedha ya kawaida linafika Mpanda likiwa na bei ya kujengea nyumba? Jibu la haraka ni "kodi". Ni jibu la kweli, lakini ni fupi mno. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba ugumu wa kuingiza gari nchini una historia ya zaidi ya nusu karne; kwamba umebadilika sura, kutoka kibali kwenda kodi; na kwamba katika sura zote mbili kanuni imetungwa kwa kutazama lami ya Dar es Salaam, huku gharama yake ikimwelemea zaidi mtu wa mikoa kama Katavi.

Tuanze na Mpanda yenyewe. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, si kwa ajili ya wakazi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kwa miongo mingi treni ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika ya kutoka na kuingia, hasa wakati wa masika. Nje ya reli, njia za kwenda Karema, Mpimbwe au Mishamo zilidai gari lenye injini kubwa na chasisi ngumu. Naomba msomaji alishike jambo hilo: huku kwetu magharibi, injini kubwa haikuwa anasa. Ilikuwa sharti la kufika.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, gari binafsi lilitazamwa kwa mashaka. Neno "wabenzi" lilikwisha kuzoeleka kama kejeli kwa wakubwa waliojitenga na umma. Ila kilichomzuia mwananchi kununua gari hakikuwa kejeli, bali uhaba wa fedha za kigeni. Ili kuagiza gari alihitaji leseni ya kuingiza bidhaa pamoja na mgao wa fedha hizo kutoka Benki Kuu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vilipokausha hazina, mgao ukawa wa wachache. Hata aliyekuwa na gari alizuiwa kuliendesha Jumapili kuanzia saa 8 mchana bila kibali maalumu. Katika utaratibu huo fedha pekee haikutosha. Ulihitaji kujulikana ofisini. Na ofisi zenyewe zilikuwa Dar es Salaam.

Mlango ulifunguliwa kwa bajeti ya Juni 1984. Serikali iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa zilizoorodheshwa bila kuulizwa amezipataje. Ukaja uongozi wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita "Mzee Ruksa", kisha sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 iliyoruhusu maduka ya kubadilishia fedha. Hapo ndipo soko la Japan lilipotufikia kwa nguvu. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia. Zaidi ya hayo, ukaguzi wao wa lazima, unaorudiwa kila baada ya miaka miwili gari linapovuka miaka mitatu, una gharama inayomfanya mwenye gari aliuze mapema. Kilichochoka kwao kiligeuka kuwa kipya kwetu. Anayetaka ushahidi kwamba magari haya hayakutengenezwa kwa ajili yetu awashe redio ya gari lake: masafa ya FM ya Japan yalikuwa yakiishia megahezi 90, ndiyo maana stesheni zetu nyingi hazishiki.

Kibali kilipoondoka, kodi ilichukua nafasi yake. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi Julai 1996, Kodi ya Ongezeko la Thamani ikaanza mwaka 1998, na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ukaanza kutekelezwa Januari 2005. Juu ya hayo uliongezwa ushuru wa uchakavu, na mwaka 2015 tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5.

Tufanye hesabu kwa viwango ambavyo waagizaji wengi wanavijua. Chukua gari la abiria ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli ni Sh 10,000,000, lina umri wa zaidi ya miaka 10, na injini yake inazidi cc 2,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh 2,500,000. Jumla hiyo inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, yaani Sh 1,250,000, na uchakavu wa asilimia 30, yaani Sh 3,750,000. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote inaleta Sh 3,150,000. Hiyo ni Sh 10,650,000, nikiacha tozo ndogondogo na usajili. Kodi imeizidi thamani ya gari. Na thamani yenyewe si lazima iwe ile uliyolipa, kwa kuwa TRA hukokotoa kwa kutumia kanzidata yake.

Sasa chukua gari jingine la thamani ileile, lenye injini ileile, ila halijafikisha miaka 8. Hilo halitozwi uchakavu, na kodi yake kwa hesabu hiyo ni Sh 6,225,000. Kwa kuwa gari changa hununuliwa na mwenye nacho, na kuukuu hununuliwa na aliyejikusanya kidogo kidogo, mwenye uwezo mdogo ndiye anayetozwa kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kipimo cha injini nacho kinashangaza. Subaru Impreza WRX STI ya soko la Japan, gari lililokuzwa na mashindano ya mbio na ambalo vijana wetu wanaliota, ina injini ya cc 1,994 yenye nguvu farasi zinazofikia 280. Iko chini ya cc 2,000, hivyo ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 5. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ ina cc 4,164 na nguvu farasi zipatazo 130 tu. Likihesabiwa kuwa gari la abiria, linatozwa asilimia 10. Sheria inapima ujazo wa injini, haiulizi kazi ya gari. Gari la mbio linapata nafuu, na gari la kuvuka matope ya Mpimbwe linaadhibiwa kama anasa.

Sisemi kwamba serikali haina hoja. Magari makuukuu huchafua hewa, hula mafuta yanayonunuliwa kwa dola, na mengine ni hatari barabarani. Majirani wetu wamechagua njia kali zaidi: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imekataza yaliyofikisha miaka 15. Sisi tuliacha mlango wazi, tukaweka bei mlangoni. Tatizo ni kwamba bei haipunguzi moshi wa gari kuukuu. Inaamua tu nani atakayeweza kulimudu. Gari likishalipiwa, linaingia na uchakavu wake wote.

Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012 mengi yamebadilika. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga, yenye zaidi ya kilomita 340, imetuunganisha na nchi. Lakini lami hiyo inaishia kwenye barabara kuu. Mkulima wa mpunga na mchuuzi wa samaki wa Karema bado wanahitaji gari gumu, na baada ya kodi wana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini ya kugharimia.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina mapendekezo matatu. Kwanza, uchakavu ufuate hali halisi ya gari inayothibitishwa na ukaguzi wa TBS, si umri peke yake. Pili, ushuru wa bidhaa uzingatie matumizi ya gari na moshi wake, si ujazo wa injini tu. Tatu, TRA ieleze hadharani msingi wa thamani inazozikadiria, ili mwananchi aweze kuzipinga kwa hoja.

Na kwa wanafunzi: mnaposoma kwamba soko lilifunguliwa mwaka 1984, ulizeni pia lilifunguliwa kwa nani. Kibali kilimtaka mwananchi ajulikane na wakubwa. Kodi inamtaka awe na fedha mara mbili ya thamani ya gari. Mtu wa Mpanda, aliye mbali na wakubwa na mbali na bandari, hajawahi kuwa mbele katika foleni yoyote kati ya hizo mbili.