Mahali pa Watu Wote

Jumapili jioni huko Mombasa, wake kwa waume, wazee kwa watoto, huelekea Mama Ngina kupunga upepo chini ya mibuyu na kutazama meli zikiingia Kilindini. Huyu hununua dafu, yule mihogo ya kukaanga. Ukiwatazama, msomaji, waweza kudhani kwamba mahali pa kupumzikia hujitokea penyewe kama mawimbi. Sivyo. Pana historia, nayo mara nyingi si ya raha.

Tuanze na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 ili wailinde bandari, na kuanzia 1696 mpaka 1698 Waarabu wa Oman waliizingira hata wakaitwaa. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza kuwa gereza. Wafungwa walikaa humo hadi mwaka 1958, ilipofanywa hifadhi ya taifa, na baadaye ikawa makumbusho. Leo mwanafunzi huingia kwa hiari yake mahali ambapo wengine waliingizwa kwa pingu, naye hutoka apendapo.

Sasa uvuke daraja la Nyali ufike Bamburi. Kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi huko mwaka 1954, kilichimba mawe ya matumbawe hata yakabaki mashimo meupe yasiyo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miche humo. Mingi ilikufa, lakini mivinje ikastahimili. Majani yake yalianguka bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Ndipo miti mingine ikaota na ndege wakaja. Leo twiga hutembea katika msitu uliokuwa jangwa la mawe.

Na pwani yenyewe, je, ni ya nani? Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Basi mchanga huo si wa hoteli wala wa tajiri yeyote. Lakini haki hiyo haimfai mtu asiye na njia ya kuufikia. Kuta zikifuatana kando ya barabara, bahari husikika tu, haionekani. Hii ndiyo thamani ya ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta, ambako mlango haumbagui mtu.

Yafaa ukumbuke, kijana, kwamba lililofanywa kwa mikono ya watu laweza kuharibiwa na mikono hiyo hiyo. Uwanja wa umma huweza kuuzwa, njia ikazibwa, ufuko ukajaa taka. Kwa hiyo uendapo kupunga upepo, ondoka na taka zako. Na ukiikuta njia ya pwani imefungwa, usirudi kimya. Uliza ni nani aliyeifunga, na kwa idhini gani.