Intaneti ya nyumbani Nyeri na miji ya Mlima Kenya: chagua kwa mahali ulipo, si kwa tangazo

Jamaa zetu wa Pwani waliohamia bara kwa kazi, biashara au masomo hunipigia simu na swali moja: “Nimepata nyumba nje kidogo ya mji, faiba haijafika, sasa nilipie intaneti gani?” Mimi naishi upande wa Nyeri na kazi yangu yategemea mtandao kutwa. Nimeona heri niandike jibu lote mahali pamoja, ili anayekwenda Karatina, Othaya, Nanyuki, Chuka au Embu awe na pa kuanzia.

Jambo hili si la anasa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi au cha Karatina akikatikiwa katikati ya mtihani wa mtandaoni, hakuna wa kumlipa fidia. Mfanyabiashara asiyepokea oda kwa siku mbili hupoteza wateja. Na wengi huishia kutoa maelfu ya shilingi kununua kifaa ambacho pale walipo hakitafanya kazi kamwe.

Mlima si ufuo

Nyaya kubwa za intaneti ya Kenya hutua kwetu Mombasa. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kutoka hapo faiba hupanda hadi Nairobi na kuendelea mpaka makao makuu ya kaunti, Nyeri ikiwemo. Ndiyo maana Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mtu wa mlimani naye alipata shida kama wa Nyali.

Kwa hiyo mjini Nyeri intaneti ipo tele. Shida ni kilomita chache za mwisho. Kampuni haitachimba mtaro kwa ajili ya boma nne zilizotawanyika katika mashamba ya chai na kahawa, hivyo safari hiyo ya mwisho hupitia hewani.

Hewani nako kuna milima. Pwani yetu ni tambarare kwa sehemu kubwa, na mnara mmoja huonekana mbali. Othaya, Mukurwe-ini na Mathira ni migongo ya vilima na mabonde yaliyopangana kama vidole. Nyumba iliyo juu ya mgongo yaweza kuona minara mitatu, na jirani aliye bondeni, mita mia tatu tu kutoka hapo, asione hata mmoja. Kieni, kwenye uwanda ulio kati ya Mlima Kenya na Aberdare, ni wazi zaidi, lakini minara iko mbalimbali. Ongeza mikaratusi mirefu yenye majani mabichi na paa za mabati, vitu viwili vinavyodhoofisha mawimbi sana.

Njia tatu zilizopo

*Ya kwanza ni ruta ya laini ya simu.* Unaweka laini ndani ya ruta, inashika 4G au 5G kutoka mnara uleule wa simu, kisha inagawa waifai nyumbani. Safaricom ilizindua 5G ya nyumbani mwaka 2022, Airtel ikafuata 2023. Faida yake ni wepesi: hakuna fundi wa kupanda paa, na ukihama unabeba. Lakini mawimbi ya 5G kwa kawaida hayafiki mbali wala hayapenyi kuta na miti vizuri. Nje ya mji, tegemea 4G, hasa ile ya masafa ya chini kama megahezi 800 inayosafiri mbali zaidi. Tena mnara ni wa watu wote. Saa mbili usiku, kila mtu akiwa kwenye simu, kasi hushuka.

*Ya pili ni redio ya kutoka mnara hadi paa.* Kampuni hufunga kisahani kidogo juu ya nyumba yako, kikaelekezwa kwenye mnara wao. Eneo hili lina historia ya njia hiyo. Mwaka 2013 mradi wa Mawingu ulianza Nanyuki kwa ushirikiano na Microsoft, ukitumia vituo vya nguvu za jua na nafasi tupu katika masafa ya televisheni, mawimbi yanayovumilia miti na vilima kuliko ya waifai ya kawaida. Shule ya sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret zilikuwa miongoni mwa waliounganishwa mwanzoni. Mawingu baadaye ikawa kampuni kamili, na mwaka 2024 ikainunua Habari Node ya Arusha. Uzuri wa redio ni kwamba mara nyingi hulipi kwa gigabaiti bali kwa mwezi. Sharti lake ni moja tu, lakini ni gumu: kisahani na mnara lazima vionane.

*Ya tatu ni setilaiti.* Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti za zamani zilikaa kilomita 36,000 juu, na sauti ilichelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Hizi huzunguka kilomita 550 hivi, kwa hiyo simu ya video yawezekana bila kukanyagana maneno. Kilima hakizizuii, maana dishi hutazama juu. Kinachozizuia ni mti uliofunika anga. Mvua kubwa ya masika nayo hukata kwa dakika chache. Bei ya kifaa iliwashinda wengi mpaka Agosti 2024, walipoanza kukikodisha kwa shilingi 1,950 kwa mwezi na kuleta kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Wateja waliongezeka hata mwishoni mwa mwaka huo Nairobi na kaunti za jirani zikafungwa kwa wateja wapya kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo hakikisha mahali pako pana nafasi kabla ya kununua dishi kwa mtu.

Pima kabla hujalipa

Hapa ndipo pesa huokolewa, na kazi yenyewe ni ya saa moja.

Chukua laini za mitandao yote miwili au mitatu, azima kwa jirani ikibidi. Katika simu nyingi za Android, ukifungua mipangilio na kuangalia hali ya laini, utaona nguvu ya mawimbi kwa desibeli, namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Karibu na -80 ni nzuri. -100 yapitika. -110 na kushuka ni ya kusuasua. Zunguka nyumba yote: sebuleni, barazani, dirisha la ghorofani, nyuma kwenye ng’ombe. Tofauti ya ukuta mmoja yaweza kukushangaza. Ukipata mahali pazuri nje lakini ndani pabaya, tatizo ni mabati au mawe ya ukuta, na antena ya nje iliyounganishwa na ruta yaweza kulitibu. Si kila ruta ina tundu la antena, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Pima kasi mara tatu: asubuhi, saa nane mchana, na saa mbili usiku. Ya usiku ndiyo ya kweli.

Kwa redio, usikubali “mnara uko karibu.” Fundi apande paa lako auone. Kwa setilaiti, programu yao hukuwezesha kuelekeza kamera ya simu angani, ikakuonyesha mti gani utakuzuia.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo

Kwanza umeme. Dishi la Starlink hula umeme mwingi kuliko ruta ya laini, na kiasi hutegemea toleo lake. Tuseme ni wati 60: kwa saa 24 ni karibu uniti moja na nusu, yaani uniti 43 kwa mwezi. Ruta ya laini hula wati 10 hivi, uniti 7 kwa mwezi. Vijijini ambako umeme hupotea mara kwa mara, tofauti hiyo yaamua ukubwa wa betri au sola utakayohitaji. Betri ndogo ya ruta huiweka hai saa kadhaa. Kwa dishi wahitaji kubwa zaidi.

Pili, neno “bila kikomo”. Soma masharti ya matumizi ya haki: mara nyingi, ukifika kiasi fulani cha gigabaiti, kasi hupunguzwa mpaka mwisho wa mwezi. Filamu ya picha safi hula mpaka gigabaiti 3 kwa saa, ya kawaida 1. Familia ya watoto watatu humaliza gigabaiti 50 kabla ya wiki ya pili.

Tatu, mkataba. Jirani yangu bondeni alilipa miezi kumi na miwili kwa mpigo kwa kampuni moja ili apate punguzo. Mawimbi yalimfikia siku za kiangazi tu, na pesa haikurudi. Lipa mwezi mmoja kwanza. Uliza kwa maandishi: nikikosa huduma siku saba, nakatwa kiasi gani? Kifaa ni changu au chenu? Nani anakuja likiharibika, na anatoka mji gani? Muuzaji mdogo wa mtaani naye umuulize leseni yake ya Mamlaka ya Mawasiliano. Asiye nayo, siku akizimwa utazimwa naye.

Ningeshauri hivi

Ukiwa ndani ya mji, iwe Nyeri, Nanyuki au Meru, tafuta faiba kwanza. Ikikosekana, ruta ya laini yatosha.

Ukiwa juu ya mgongo wa kilima au kwenye uwanda wa Kieni na unaona mnara, piga bei ya redio, ndiyo nafuu kwa familia kubwa.

Ukiwa bondeni na simu yenyewe hushika ukisimama barazani tu, jaribu antena ya nje. Ikishindikana, setilaiti ndiyo itakayokutoa, hata kwa kuchanga na jirani wa ukuta mmoja ikiwa masharti ya kifurushi yaruhusu.

Kwa mwanafunzi wa chumba kimoja, usifunge chochote. Bando la simu na maktaba ya chuo vyatosha mpaka ujue utakaa hapo muda gani.

Na yeyote ambaye riziki yake iko mtandaoni aweke laini ya pili ya kampuni nyingine, yenye bando dogo, kwa siku ya dharura. Hesabu hizi zafaa pia kwa ndugu zetu wa milima ya Taita, maana bonde la Wundanyi na la Mukurwe-ini huficha mnara kwa namna moja.