Ulinzi wa Ziwa ni Ulinzi wa Nchi

Askari anayefanya doria katika mwambao wa Rumonge, nchini Burundi, huona mambo matatu kwa mtazamo mmoja: milima iliyosimama juu ya ziwa, michikichi inayowapa wananchi mafuta, na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa na mukeke. Miti ya milimani ikikatwa, mvua husomba udongo hadi ziwani na kuyafukia mazalio ya samaki. Hapo kazi ya mvuvi, na ya mama achuuzaye dagaa, hupotea.

Kwa sababu hiyo, tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mjini Dar es Salaam mkataba wa kuhifadhi Ziwa Tanganyika. Lakini mkataba huhitaji wabunge wa kuutetea, na mbunge hana sauti endapo wanaomtuma wamenyamazishwa.

Nguvu ya sauti hiyo yathibitishwa na historia ya Kenya. Chama alichokianzisha Wangari Maathai mwaka 1977 kiliwalipa akina mama wa vijijini ujira mdogo kwa kila mche ulioshika. Januari 1999 alipigwa hadi kutokwa damu, akipanda mti katika msitu wa Karura. Desemba 2002 wananchi wa Tetu walimchagua kuwa mbunge. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ni dhahiri, basi, kwamba mtetezi wa mazingira si adui wa usalama. Askari alitambuaye hilo humkamata mwenye nyavu haramu, na humlinda mwenye mche mkononi.