Jina la Kizuizi si Ushahidi

Seli zilitiwa kizuizi H89, mwitikio ukatoweka, kwa hiyo kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) iitwayo PKA ndiyo iliyouendesha. Hoja ya namna hii imejaa katika makala za baiolojia ya seli, na ile "kwa hiyo" ndiyo ninayoipinga. Mwaka 2000 kundi la Philip Cohen, Chuo Kikuu cha Dundee, lilionyesha kwamba H89 huzuia pia kinasi za MSK1, S6K1 na ROCK2 kwa viwango vinavyokaribiana na vya PKA. S6K1 ilizimika hata kwa kiwango kidogo zaidi.

Kiini cha tatizo ni ATP, molekuli ambayo kinasi huchukua fosfati kutoka kwake. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na karibu zote huishika ATP katika mfuko unaofanana, ambao vizuizi vingi huugombea. Kwenye majaribio ya nje ya seli ATP huwa kidogo. Ndani ya seli hai hufikia milimola kadhaa kwa lita, hivyo mtafiti hulazimika kuongeza dozi mara nyingi. Hapo kinasi ambazo hakuzikusudia, hasa zile zinazoishika ATP kwa ulegevu, nazo huzimwa.

Wengi hujitetea kwa kuonyesha kwamba protini inayopokea fosfati kutoka kinasi lengwa haipokei tena. Hilo lathibitisha kwamba shabaha imepigwa. Halithibitishi kwamba seli imekufa kwa pigo hilo, na tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Chukua OTS964, iliyoelezwa kuwa kizuizi cha kinasi TOPK na kutarajiwa kutibu saratani. Mwaka 2019 Ann Lin, Jason Sheltzer na wenzao waliripoti kwamba seli za saratani zilizoondolewa jeni ya TOPK kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, ziliendelea kukua, na zilipopewa OTS964 zilikufa vilevile. Dawa haiui kwa kuzuia kisichokuwepo. Katika seli zilizonusurika walikuta badiliko la asidi amino moja kwenye kinasi nyingine, CDK11B. Walipolipandikiza katika seli nyingine, nazo zikaistahimili dawa.

Kipimo hicho ndicho ninachodai kwa kila dai la aina hii: kinasi iliyobadilishwa isishikwe na kizuizi lakini ibaki ikifanya kazi, kisha tuone kama mwitikio unarudi. Kusema ni kazi ngumu mno hakutoshi. Watafiti wa Dundee waliifanya kwa kinasi p38 na kizuizi chake SB203580 mwaka 1999, miaka mingi kabla ya CRISPR, kwa kubadilisha asidi amino ya nafasi ya 106, threonini.

Kwa imatinibi, dawa inayozuia kinasi ya ABL, ushahidi wa namna hiyo ulitoka kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2001 baadhi ya wenye lukemia sugu ya mieloidi waliokuwa wamepata nafuu walirudiwa na ugonjwa, na katika kinasi ya ABL ya seli zao ikakutwa threonini ya 315 imegeuka kuwa isoleusini, hivyo dawa haikuishika tena kinasi hiyo. Threonini hiyo hukaa mlangoni mwa mfuko wa ATP, pale pale inapokaa ile ya 106 katika p38.