Mwenye Bucha Hakujijenga Peke Yake

Historia ya biashara kubwa husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mtu mmoja: alifika hana kitu, akafanya kazi kwa bidii, akatajirika. Maisha ya Oscar F. Mayer, mhamiaji wa Kijerumani ambaye jina lake lingali kwenye pakiti za soseji nchini Marekani, huingizwa kwa urahisi katika simulizi hiyo. Tukiyachunguza kwa makini, yanatufundisha jambo jingine.

Mayer alizaliwa mwaka 1859 kusini mwa Ujerumani, akahamia Marekani mwaka 1873 akiwa na umri wa miaka 14. Alianza kama mwanagenzi katika bucha mjini Detroit, kisha akaenda Chicago, jiji ambalo reli zilikuwa zimeligeuza kuwa kitovu cha biashara ya mifugo na nyama. Mwaka 1883 yeye na ndugu yake Gottfried walikodi duka la nyama upande wa kaskazini wa jiji, katika mtaa wenye Wajerumani wengi. Gottfried alikuwa amejifunza kutengeneza soseji huko Nuremberg. Ndugu mwingine, Max, baadaye alishika hesabu. Wateja wao wa mwanzo walikuwa wahamiaji wenzao, waliotamani ladha ya kwao. Basi, kabla ya kuwa na fedha nyingi, ndugu hawa walikuwa na udugu, ufundi na jamii iliyowapokea. Ndiyo maana mwenye jengo alipokataa kuuhuisha mkataba wa pango, walihamia duka lao wenyewe karibu na hapo, na wateja wakawafuata. Mkono mmoja haulei mwana.

Serikali nayo ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1904, wakati nyama nyingi iliuzwa bila kujulikana mtengenezaji, akina Mayer walianza kutia chapa kwenye bidhaa zao. Miaka miwili baadaye, riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, ilianika uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago na mateso ya wafanyakazi wahamiaji. Hasira ya umma ilisaidia kulisukuma Bunge la Marekani kupitisha sheria ya ukaguzi wa nyama mwaka huohuo wa 1906. Kampuni ya Mayer ilikuwa miongoni mwa za kwanza kujiunga na mpango huo kwa hiari.

Watumishi wa umma wanapaswa kulitafakari hilo. Chapa ya mwuzaji ni ahadi; muhuri wa mkaguzi ni uthibitisho. Mlaji hawezi kuingia machinjioni kila asubuhi kujionea mwenyewe, na mwuzaji mwaminifu hushindwa sokoni iwapo mdanganyifu anauza nyama mbovu kwa bei ya chini bila kuulizwa. Ukaguzi wa haki, usiouzwa kwa bahasha, humlinda mlaji na pia mfanyabiashara mwadilifu.

Mwaka 1919 kampuni ilinunua kiwanda mjini Madison, Wisconsin, ambacho awali kilikuwa cha ushirika wa wakulima. Kwa miongo mingi kiwanda hicho kilikuwa tegemeo la maelfu ya familia. Mayer alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 95. Mwaka 1981 kampuni iliuzwa kwa General Foods, kisha ikapita katika mikono ya mashirika makubwa zaidi. Mwaka 2015 Kraft Heinz ilitangaza kukifunga kiwanda cha Madison, na mwaka 2017 kikafungwa. Jina lilibaki kwenye pakiti; ajira za Madison hazikubaki.

Tumkumbuke basi mwenye bucha huyu kwa heshima anayostahili, lakini tuwahesabu pia ndugu zake, wateja wa mtaani, wakaguzi na wafanyakazi wa Madison. Biashara iliyojengwa na wengi iliuzwa kwa uamuzi wa wachache, na waliokatwa mishahara yao hawakuwa na kura katika uamuzi huo. Wanaotunga sera za viwanda na ajira wana wajibu wa kuuliza, kabla kiwanda hakijauzwa, wafanyakazi watakuwa na sauti gani.